Kwa nini maji yenye joto yanakaa chini ya Ziwa Kivu? Jibu kwa msomaji wa Kyeshero

Binti mmoja anayesoma mwaka wa tano wa sekondari, kitengo cha biolojia na kemia, ameniandikia kutoka mtaa wa Kyeshero, hapa Goma. Nafupisha barua yake: «Papa Mwalimu, katika somo la sifa za maji tumefundishwa kwamba barafu huelea, na kwamba sifa hiyo ndiyo inayolinda viumbe vya maziwani. Lakini Kivu haligandi, na mimi sijawahi kuona ziwa lililoganda. Je, sifa hizo zinatuhusu nini sisi? Tena tumefundishwa kwamba maji yenye joto hupanda na ya baridi hushuka. Kaka yangu amesoma kwamba maji ya kilindini mwa Kivu yana joto kuliko ya juu. Mbona basi hayapandi?»

Binti yangu, swali lako la pili limenifurahisha sana, kwa sababu umechukua mambo mawili uliyoambiwa, ukayaweka bega kwa bega, ukaona hayapatani, na hukunyamaza. Mwalimu wako hakukosea, wala kaka yako hakukosea. Jibu linalowapatanisha ndilo pia jibu la swali lako la kwanza, ila ili tulifikie itabidi tuanze na kitu kidogo kisichoonekana, kisha tupite jikoni kwenu kabla ya kushuka ziwani.

Molekuli ya maji ni atomu moja ya oksijeni iliyoshikana na atomu mbili za haidrojeni. Atomu hizo tatu hazikupangwa katika mstari ulionyooka. Zimepinda kama kiwiko cha mkono, na pembe kati ya haidrojeni hizo mbili ni nyuzi 104.5. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni, kwa hiyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Lau molekuli ingekuwa imenyooka, mvuto wa upande huu ungefutwa na mvuto wa upande ule. Kwa kuwa imepinda, kila molekuli ina mahali pa kushika na mahali pa kushikwa. Inashika jirani, inaachia, inashika mwingine, mara nyingi zisizohesabika kabla hujafumba na kufumbua jicho. Wanakemia huuita mshiko huo bondi ya haidrojeni. Bondi moja peke yake ni dhaifu, lakini katika tone moja la maji ziko nyingi kupita kiasi.

Ukitaka kupima nguvu ya mshiko huo, mtazame ndugu wa maji anayeitwa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Yeye pia ana haidrojeni mbili, ila mahali pa oksijeni pamekaa salfa. Molekuli yake ina uzito karibu mara mbili ya molekuli ya maji, 34 kwa 18, kwa hiyo mtu angetazamia ichemke kwenye joto kubwa zaidi. Kumbe huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kama maji yangefuata desturi ya ukoo wake, dunia isingekuwa na bahari, wala ziwa, wala damu mwilini mwa mtu. Yote yangekuwa mvuke angani. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye barafu, sifa ya kwanza inayokuhusu wewe wa Goma ni hii ya kwamba maji yapo katika hali ya kimiminika.

Sasa tuingie jikoni. Bidoni ya njano ya lita 20 ambayo kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anaitua mlangoni kwenu ina kilo 20 za maji, kwa maana lita moja ya maji ni kilo moja. Ili kilo moja ya maji iongezeke joto kwa nyuzi moja tu, unahitaji jouli (kipimo cha nishati) zipatazo 4,180; kilo moja ya chuma huridhika na jouli 450 hivi. Sababu ni ule mshiko: sehemu kubwa ya joto unalotia inatumika kulegeza mikono ya molekuli kabla hazijaanza kukimbia kwa kasi. Basi kuchukua maji ya ziwa yenye nyuzi 23 na kuyafikisha kwenye kuchemka, bidoni nzima, kunataka jouli milioni 6. Jiko la kawaida hupoteza joto lake jingi hewani, kwa hiyo hesabu inaangukia kwenye kilo moja hivi ya makala, au mkaa kama wanavyosema wasomaji wetu wa mashariki, kwa bidoni moja. Mama yako anaijua hesabu hii bila kalamu, na ndiyo maana nyumba nyingi hazichemshi maji yote ya kunywa ingawa kila mtu anajua faida yake.

Kitu hicho hicho kinachogharimu makala jikoni ndicho kinachotulinda nje. Saa saba mchana, siku ya jua kali, kanyaga peku mawe meusi ya volkano yaliyojaa mitaani kwetu, kisha tembea hadi ufukoni uingize mguu ziwani. Jua lililopiga jiwe ndilo lililopiga maji, lakini jiwe limekuunguza na maji hayajabadilika kuliko yalivyokuwa asubuhi. Mwaka mzima maji ya juu ya Kivu hubaki karibu na nyuzi 23 hadi 25, na ziwa zima linakuwa kama ghala la joto linalopokea mchana na kutoa usiku, likileta upepo wa kutoka ziwani mchana na kuurudisha usiku. Samaki hana shati la kuvaa wala la kuvua. Anaishi kwa sababu nyumba yake haibadiliki ghafla.

Mwili wako nao ni kama asilimia 60 maji kwa uzito, na ghala hilo la joto unatembea nalo. Unapopanda kutoka ufukoni na bidoni kichwani, misuli inatoa joto jingi, lakini damu hulipokea bila kupanda sana, na jasho humaliza kazi. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na jouli zipatazo milioni 2.4, kwa kuwa kila molekuli inayoruka hewani lazima kwanza ijing'oe mikononi mwa jirani zake, na nguvu ya kujing'oa huichukua kutoka kwenye ngozi yako. Mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa hufanya hivyo hivyo: maji kidogo yanapenya hadi nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa.

Nikiwa bado jikoni, niseme neno juu ya maharagi, maana ni jambo ambalo watu wengi wanaumia nalo bila kujua sababu. Goma imekaa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotulemea ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Matadi, na molekuli za maji zinapata nafasi ya kuruka mapema, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kila unapopanda mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Maharagi yanayopikwa kwa nyuzi 95 huchelewa kuiva kuliko yanayopikwa kwa nyuzi 100, na hakuna makala yatakayobadilisha jambo hilo katika sufuria ya wazi. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Makala unayoongeza yanageuza maji kuwa mvuke tu. Mtu anayechochea moto ili sufuria itokote kwa fujo hapati maharagi mapema, anapata dari lenye unyevu. Loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria, acha yachemke polepole. Naomba uliseme nyumbani, kwa sababu makala yanayookolewa ni miti inayobaki milimani.

Usiogope kwamba nyuzi 95 ni chache mno kwa kuua vijidudu. Bakteria wa kipindupindu hufa kwenye joto la chini ya hapo. Mji huu haujasahau Julai 1994, ugonjwa huo ulipoingia katika kambi za wakimbizi na maelfu kwa maelfu ya watu wakafa ndani ya majuma machache. Tangu siku hizo tumekuwa tukiona ufukoni, hasa kunapokuwa na hofu ya ugonjwa, mtu amesimama na ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni inayotoka ziwani inapita mbele yake. Anavuta klorini, anaibonyeza ndani ya mdomo wa bidoni, anasema subiri nusu saa. Mililita chache za kioevu katika bomba hilo zinafanya kazi ambayo ingetaka kilo ya makala. Zinaweza kwa sababu maji ni kiyeyushi: dawa inasambaa mpaka kila pembe ya bidoni, kwa kuwa molekuli za maji huizunguka, huibeba na kuipitisha kutoka mkono hadi mkono.

Uwezo huo wa kuyeyusha ndio ninaotaka uushike vizuri, maana bila huo hutaelewa ziwa lako. Tia chembe ya chumvi katika maji. Chembe hiyo ni jengo la ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi. Molekuli za maji huisogelea sodiamu kwa upande wao wa oksijeni, na kloridi kwa upande wa haidrojeni, zinaivuta kila ioni kutoka kwenye jengo, kisha zinaifunika pande zote isirudi. Jengo linabomoka. Mizizi ya mhogo hupata madini yake kwa njia hiyo, damu yako hubeba chumvi na sukari kwa njia hiyo, na figo zako hutoa uchafu kwa njia hiyo. Hakuna seli hata moja tunayoijua inayofanya kemia yake mahali pakavu.

Lakini kiyeyushi hakiangalii kama kinachoyeyushwa ni chema. Mtaa wenu uko magharibi mwa mji, na moshi wa volkano ya Nyiragongo mara nyingi hupelekwa na upepo upande wa magharibi. Ndani ya moshi huo kuna florini, na matone ya mvua yanayopita ndani yake huichukua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi, yaani florini iliyoyeyuka majini, kwa lita moja ya maji ya kunywa. Zikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na mifupa huweza kuharibika. Kuchemsha hakuiondoi floridi, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki pale pale. Kwa hiyo maji ya mvua yanayovuliwa kutoka mabatini chini ya volkano yatumiwe kufulia na kuogea, na watoto wadogo wanyweshwe maji yaliyopimwa pale yanapopatikana.

Kuhusu barafu nitakuwa mfupi. Maji yanapopoa huwa mazito zaidi mpaka yafike nyuzi 4. Yakipoa kupita hapo, molekuli zinaanza kujipanga kwa kunyoosha mikono, zikiachana nafasi, na barafu inayotokea ina nafasi zaidi kwa karibu asilimia 9 kuliko maji yaliyoizaa. Umeona chupa iliyosahauliwa ndani ya friji ya kugandisha ikapasuka; ni hilo. Katika nchi za baridi, barafu hukaa juu ya ziwa kama blanketi na samaki huishi chini yake katika maji ya nyuzi 4. Kitabu chako kimeleta mfano huo kwa sababu waliouandika mwanzo waliuona dirishani mwao. Kanuni iliyo nyuma ya mfano huo, hata hivyo, ni ya kila ziwa duniani: maisha ya ziwa yanategemea ni maji gani mazito na ni maji gani mepesi, kwa sababu mazito hukaa chini na mepesi hukaa juu.

Basi tushuke Kivu. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kilindi chake kikubwa kina mita 485. Ukiteremsha kipimajoto kutoka mtumbwini, kwanza joto linapungua kidogo kama katika ziwa lolote, unafika mahali penye nyuzi karibu 23, na baada ya hapo, mahali ambapo ungetazamia baridi, joto linaanza kupanda, hata kule chini kabisa unasoma nyuzi 26 hivi. Kaka yako amesoma sawasawa. Chini ya ziwa kuna chemchemi zinazotokea ndani ya miamba ya eneo hili la volkano, na maji yake huingia yakiwa na joto, yakiwa yamebeba chumvi za sodiamu na magnesiamu na hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, iliyoyeyuka ndani yake.

Sasa tupige hesabu ya uzito, maana hapo ndipo ugomvi wa mambo yako mawili unapoamuliwa. Meta moja ya ujazo ya maji safi yenye nyuzi 23 ina uzito wa karibu kilo 997.5. Ipashe joto hadi nyuzi 26, itakuwa kilo 996.8 hivi, joto limeipunguzia uzito usiofika hata kilo moja. Lakini maji ya chini ya Kivu yana gramu kadhaa za chumvi zaidi katika kila lita kuliko maji ya juu, na chumvi hizo huongeza kilo tatu hadi nne katika kila meta ya ujazo. Kabonidayoksaidi iliyoyeyuka nayo huongeza uzito kidogo, ilhali methani, gesi iwakayo ambayo nayo imeyeyuka humo, hupunguza kidogo. Jumlisha na utoe: joto linayavuta juu kwa nguvu ndogo, chumvi inayavuta chini kwa nguvu kubwa zaidi. Hayapandi kwa sababu, pamoja na joto lake lote, ni mazito. Mwalimu wako alikufundisha kanuni ya maji ambayo yametofautiana kwa joto peke yake, na katika sufuria ya maji matupu kanuni hiyo ni kweli, mradi maji hayajapoa chini ya nyuzi 4.

Kwa hiyo Kivu ni ziwa lililokaa ghorofa juu ya ghorofa, na mpaka mkuu uko karibu na mita 260. Kati ya ghorofa kubwa kuna hata mamia ya ngazi nyembamba, kila moja ikiwa na joto na chumvi zaidi kidogo kuliko ya juu yake. Maji ya ghorofa ya chini hukaa huko mamia ya miaka. Katika muda huo yamekusanya kilometa za ujazo zipatazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, tukizihesabu kama zingekuwa huku juu hewani. Methani inatengenezwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, vinavyokula mabaki yanayoshuka kutoka juu na hata kabonidayoksaidi yenyewe.

Gesi nyingi namna hiyo inawezaje kukaa ndani ya maji? Chukua chupa ya Fanta ambayo haijafunguliwa, itazame kwenye mwanga: hakuna povu hata moja. Gesi imo, imeyeyuka, na mgandamizo ndani ya chupa ndio unaoizuia. Fungua kizibo, mgandamizo unashuka, gesi inatoka mbio. Katika ziwa, kizibo ni maji yenyewe. Kila mita 10 za maji zina uzito wa kutulemea sawa na hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo kwenye mita 300 mgandamizo ni kama mara 30. Uzito wa maji, ule ule unaouhisi shingoni unapobeba bidoni, ndio unaoifunga gesi hiyo.

Wajua kinachotokea gesi ya ukaa inapokosa kizibo, kwa sababu mtaani kwenu kuna mazuku. Ni gesi hiyo hiyo inayotoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hutulia mabondeni na mashimoni, na mbuzi au mtoto akiingia humo haamki. Kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake kwa ghafla, ikatiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Nyos ni ziwa dogo sana likilinganishwa na Kivu. Siandiki hivi ili ukose usingizi. Naandika ili ujue kwamba tunapozungumza juu ya «sifa za maji na uhai» hapa Goma, tunazungumza juu ya jambo linalowahusu watu wengi sana wa kingo zote mbili za ziwa.

Kuna mambo mawili ya kutuliza moyo, na yote mawili ni ya kupimwa. La kwanza, gesi iliyomo imefika karibu nusu tu ya kiwango ambacho maji ya kina hicho yanaweza kushika kabla ya povu kuanza. La pili, ziwa limekwisha kujaribiwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu, ikaunguza mitaa, ikaingia ziwani ikitokota. Maji yaliipokea: joto lake kubwa lilimezwa na ule uwezo wa maji niliokueleza jikoni, lava ikagandia katika maji ya juu, mbali na ghorofa ya gesi, na ngazi za chini hazikuvunjika. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka tena, na siku chache baadaye watu wa sehemu kubwa ya mji wakaambiwa wahame, hofu ya lava kupasukia chini ya ziwa ilikuwa mojawapo ya sababu. Tahadhari hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana kuingilia juu na kupasukia chini ni mambo mawili tofauti kabisa.

Upande wa Rwanda, tangu 2016, kuna mtambo unaovuta maji ya chini, unaondoa methani na kuichoma kutengeneza umeme. Maji yanapanda bombani yenyewe baada ya kuanzishwa, kwa kuwa gesi inayotoka inayafanya kuwa mepesi. Mimi nauunga mkono uvunaji huo, kwa sharti moja ambalo kila kijana wa Goma anayesoma kemia anapaswa kulijua: maji yaliyotolewa gesi lazima yarudishwe kwenye kina kinachofaa uzito wake. Yakimwagwa juu, yataleta chumvi na virutubisho visivyotakiwa huko. Yakirudishwa mahali pasipofaa, yatadhoofisha ngazi zinazoifunga gesi. Siku nchi yetu nayo itakapojenga wa kwake, uliza swali hilo kwanza, kabla ya swali la megawati.

Ghorofa hizi zinatulinda, lakini zina gharama, na gharama hiyo unaiona sokoni. Oksijeni ya hewani huingia katika maji ya juu tu, na katika Kivu haivuki mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki hata mmoja. Kila kiumbe kinachokufa juu kinazama na kuchukua fosforasi na nitrojeni yake kwenda kuzifungia chini, kama mkulima anayezika mbolea mahali ambapo jembe halifiki. Ndiyo sababu Kivu halitoi samaki kwa wingi ambao mtu angetazamia kwa ukubwa wake. Lakini kati ya Juni na Agosti, kiangazi kinapoleta upepo mkavu, maji ya juu yanakauka kwa wingi, yanapoteza joto, yanakuwa mazito, yanashuka na kuchanganyika mpaka karibu mita 60. Virutubisho kidogo vinarudi juu, mimea midogo isiyoonekana kwa macho inastawi, vijidudu vinavyoila vinaongezeka, na sambaza wanavila. Sambaza, samaki hawa wadogo wa jamaa ya dagaa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao ndio wanaofuatwa usiku na wavuvi wetu kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji. Mwanga wa taa unapenya kwa sababu maji safi huuruhusu mwanga kupita, sifa ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja, na bila hiyo pasingekuwa na mmea wowote wa majini.

Ipo sifa nyingine, ule ukaza wa uso wa maji unaomwezesha mdudu mwenye miguu mirefu kutembea juu ya ziwa bila kulowa, na unaoshirikiana na mshiko wa molekuli kuvuta maji kutoka mizizi ya mkaratusi hadi majani ya juu. Kitabu chako kimeieleza vizuri, sina cha kuongeza.

Badala yake nakupa kazi ya kufanya nyumbani. Chukua glasi inayoonyesha ndani. Mimina chai ya vuguvugu isiyo na maziwa mpaka robo ya glasi, tia vijiko vidogo vitatu vya chumvi, koroga hadi chumvi yote iyeyuke. Kisha shika kijiko juu kidogo ya chai, na umiminie maji baridi juu ya kijiko hicho polepole sana, yatiririke kutoka pembeni bila kupiga kelele. Utaona maji meupe yanakaa juu ya chai, mpaka kati yao ukiwa mwembamba kama karatasi. Gusa glasi kwa vidole: chini ni vuguvugu, juu ni baridi, na chini hakupandi. Fanya ya pili pembeni, chai ile ile bila chumvi, ili kaka yako aone tofauti.

Iache glasi ya chumvi mezani usiku kucha, mwambie mdogo wako asiiguse. Asubuhi joto litakuwa limeondoka lote, kwa kuwa joto hupita haraka katika maji, lakini rangi ya chai bado itakuwa chini, mpaka wake umefifia kidogo tu, kwa kuwa chumvi hupanda polepole mno pasipo mtu wa kukoroga. Pima unene wa ule ukungu wa mpakani kwa rula, andika, kisha upime tena kesho yake, na uniletee tarakimu zako.